Ubaguzi Usiotaja Rangi: Kura ya Mtu Mweusi Marekani na Swali la Nani Athibitishe

Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiambia Alabama kwamba ramani yake ya maeneo bunge inavunja sheria. Alabama ina viti saba katika Baraza la Wawakilishi, na zaidi ya robo ya wakazi wake ni weusi, asilimia 27 hivi. Ramani ilichorwa kwa namna ambayo weusi ni wengi katika eneo moja tu. Wengi wa waliobaki walimegwa vipande, kila kipande kikaunganishwa na eneo ambalo wazungu ndio wenye sauti. Mahakama ikataka eneo la pili ambalo wapiga kura weusi watakuwa wengi, au karibu na hapo. Mwezi uliofuata wabunge wa jimbo wakakaa, wakachora upya, wakaleta eneo la pili lenye weusi kama asilimia 40. Mahali ambapo wazungu wengi mno hupigia chama kimoja na weusi karibu wote kingine, asilimia 40 maana yake ni kushindwa kila uchaguzi. Jopo la majaji watatu, wawili wao wakiwa wameteuliwa na Donald Trump mwenyewe, likaikataa ramani hiyo na kumpa mtaalamu kazi ya kuchora nyingine.

Katika sarakasi yote hiyo hakuna aliyehitaji kusema kwamba hataki watu weusi wapate mbunge wao. Sheria iliyopitishwa ilieleza kwamba inalinda umoja wa kaunti za pwani ya Ghuba ya Mexico, na ikataja hata urithi wa huko wa enzi za wakoloni wa Kifaransa na Kihispania. Unaweza kuisoma mstari kwa mstari usikute tusi.

Hapa ndipo wengi wetu tunaotazama kutoka mbali tunapopotea. Tumezoea kuutambua ubaguzi kwa sauti yake: mabango ya "wazungu tu", mbwa wa polisi, kofia za Ku Klux Klan, Afrika Kusini ya makaburu. Yasipokuwapo hayo tunadhani umekwisha, hasa tukikumbuka kwamba nchi hiyohiyo ilimchagua mara mbili mtoto wa mtu wa Kogelo, Siaya. Wamarekani wenyewe wamegawanyika papo hapo. Ukizifuatilia kesi zao, ugomvi mwingi unarudi kwenye jambo moja la kisheria ambalo halina mvuto wa televisheni. Anayelalamika athibitishe kwamba waliotunga sheria walikuwa na nia ya kubagua, au inatosha aonyeshe kwamba sheria yenyewe inawaumiza weusi kuliko wengine? Na penye shaka, nani abebe mzigo wa kuthibitisha, mwananchi au serikali?

Babu yako alipiga kura?

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani iliongeza vifungu vitatu katika katiba. Cha 13 (1865) kilifuta utumwa. Cha 14 (1868) kiliwapa uraia waliozaliwa nchini na kuahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Cha 15 (1870) kilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Kwa muda mfupi mambo yalibadilika kweli: mwaka 1870 Mississippi ilimpeleka Hiram Revels katika Seneti, mtu mweusi wa kwanza kukaa humo. Mwaka 1877 serikali kuu ikaacha kuyalinda mabadiliko hayo kwa jeshi, na watawala wapya wa Kusini wakaanza kutafuta namna ya kuipiga chenga katiba.

Chenga yenyewe ilikuwa rahisi. Katiba imekataza kutaja rangi, basi tusiitaje. Louisiana ndiyo mfano ninaoupenda, kama unaweza kusema unaupenda mfano wa namna hiyo. Mwaka 1898 iliweka masharti mapya: ili uandikishwe lazima ujue kusoma na kuandika au uwe na mali. Wazungu maskini wasiojua kusoma walikuwa wengi, kwa hiyo ukawekwa mlango wa uani. Kama wewe, baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867, masharti hayakuhusu. Kwa nini tarehe hiyo? Kwa sababu wakati huo hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyekuwa na haki ya kura Louisiana. Mwaka 1896 weusi walioandikishwa jimboni humo walikuwa karibu 130,000. Mwaka 1904 walikuwa 1,342.

Nia haikufichwa sana enzi hizo. Alabama ilipokutana kuandika katiba mpya mwaka 1901, rais wa mkutano huo, John B. Knox, aliwaambia wajumbe kwamba lengo lao ni kusimika utawala wa wazungu ndani ya mipaka iliyowekwa na katiba ya nchi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyaangalia.

Kulikuwa pia na kodi ya kichwa. Wazee wetu Afrika Mashariki waliijua kodi ya jina hilo kama njia ya kumtoa mtu shambani kwake akamfanyie mkoloni kazi. Kule ilikuwa bei ya kupiga kura. Alabama ilitoza dola moja na nusu kwa mwaka, na malimbikizo ya miaka ya nyuma yakajumlishwa, hivyo kibarua aliyeamua kujiandikisha ukubwani alikuta deni linamsubiri. Kisha kulikuwa na karani. Mwombaji alipewa kifungu cha katiba akisome na kukieleza, na mwenye kuamua kama ameeleza vizuri ni karani huyohuyo. Mzungu angepewa sentensi fupi, mwalimu mweusi mwenye digrii angepewa ukurasa wa sheria za kodi. Mjini Selma ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kaunti ya Dallas ambako Selma ipo, weusi walioandikishwa walikuwa kama wawili katika kila mia waliostahili.

Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji walipovuka daraja la Edmund Pettus kutoka Selma, askari waliwapiga virungu na mabomu ya machozi mbele ya kamera. John Lewis, kijana wa miaka 25 ambaye baadaye alikuwa mbunge kwa zaidi ya miaka 30, alipasuliwa fuvu. Miezi mitano baadaye, tarehe 6 Agosti, Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Ubora wa sheria hiyo ulikuwa katika kugeuza mzigo. Kabla yake, serikali kuu ilikuwa ikishtaki kaunti moja moja. Kesi ikichukua miaka, ukishinda, jimbo linabuni sharti jingine na mnaanza upya. Sheria ya 1965 ilisema majimbo yenye historia mbaya, yakiwemo Alabama, Georgia, Mississippi, Louisiana, South Carolina na Virginia, hayawezi kubadilisha chochote kuhusu kura bila idhini ya kabla kutoka Wizara ya Sheria au mahakama ya Washington. Hata kuhamisha kituo cha kupigia kura kutoka shule hii kwenda kanisa lile. Na jimbo ndilo lililotakiwa kuonyesha kwamba badiliko halina nia wala athari ya kibaguzi. Mississippi, weusi walioandikishwa walikuwa asilimia 6.7 mwaka 1965. Miaka miwili baadaye walikaribia asilimia 60.

Vyama vilivyobadilishana wenyeji

Kuna hoja ambayo huibuka kila mjadala huu unapoanza: mbona Abraham Lincoln alikuwa Republican, na waliotetea utumwa walikuwa Democrats? Ni kweli tupu. Wazungu wa Kusini walikuwa Democrats kwa karibu karne nzima. Kilichotokea ni kwamba wapiga kura walihama. Mwaka 1964 Johnson, Democrat wa Texas, alipitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Mpinzani wake wa Republican, Barry Goldwater, aliipigia kura ya hapana. Novemba Goldwater alibwagwa nchi nzima, akashinda kwao Arizona na majimbo matano tu mengine: Alabama, Georgia, Louisiana, Mississippi na South Carolina. Mississippi ilimpa asilimia 87. Seneta Strom Thurmond, aliyewahi kuongea zaidi ya saa 24 mfululizo mwaka 1957 kuzuia sheria ya haki za weusi, alihamia Republican mwaka huohuo wa 1964. Weusi nao wakaenda upande wa pili. Kumtaja Lincoln ili kueleza siasa za leo ni kama kumshangilia mchezaji kwa jezi aliyoivua zamani.

Lugha ilibadilika pamoja na wenyeji. Ushahidi mzuri zaidi ulitoka ndani: mwaka 1981 Lee Atwater, fundi wa kampeni za Republican aliyekuwa akifanya kazi katika Ikulu ya Ronald Reagan, alimweleza mtafiti mmoja kwamba mwaka 1954 mwanasiasa angeweza kumtukana mtu mweusi jukwaani, lakini ilipofika 1968 tusi lilikuwa linakuangusha. Hapo unaanza kusema habari za haki za majimbo, yaani majimbo kujiamulia bila serikali kuu, na mabasi ya shule yaliyowachanganya watoto weusi na wazungu. Baadaye unazungumzia kupunguza kodi, mambo ya uchumi mtupu ambayo matokeo yake ni kwamba weusi wanaumia kuliko wazungu. Atwater alikuwa akijaribu kuonyesha kwamba jinsi maneno yanavyozidi kuwa ya mbali, ndivyo rangi inavyopungua uzito. Wasomaji wengi wamechukua funzo lililo kinyume, na mimi niko nao.

Tuwe waangalifu hapa, maana si kila anayetaka kodi ndogo ni mbaguzi, na ni uvivu kudhani hivyo. Lakini maneno yenye matabaka mawili yapo. Agosti 1980 Reagan, akiwa ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa mgombea, alitetea haki za majimbo kwenye maonyesho ya kaunti ya Neshoba, Mississippi, maili chache kutoka walipouawa vijana watatu wa haki za kiraia mwaka 1964. Wenyeji hawakuhitaji mkalimani.

Tukio lililotugusa sisi moja kwa moja lilikuwa uvumi kwamba Barack Obama alizaliwa Kenya, kwa hiyo hastahili kuwa rais. Mwaka 2009 ilizagaa mtandaoni picha ya cheti kilichodaiwa kutoka hospitali kuu ya Mombasa. Kilikuwa na tarehe ya Februari 1964 na kichwa cha Jamhuri ya Kenya. Mtoto wa darasa la sita Kenya angekunasa hapo: Jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964, na ndiyo sababu sikukuu inaitwa Jamhuri Dei. Waliokiamini hawakujisumbua kuuliza Mkenya yeyote. Mwaka 2011 Donald Trump aliubeba uvumi huo kwenye televisheni hadi Obama akatoa cheti chake kamili cha Hawaii, na ilipofika Septemba 2016 tu ndipo Trump alipokiri kwamba Obama alizaliwa Marekani. Hakuna aliyetaja rangi katika mjadala ule. Kulikuwa na "maswali tu".

Nia au matokeo

Turudi kwenye sheria, kwa sababu ndiko vita vyenyewe vilipo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Mobile, Alabama, jiji lililokuwa likichagua makamishna watatu kwa kura za jiji zima. Weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja, na hakuna mweusi aliyewahi kuchaguliwa. Mahakama ikasema haitoshi, thibitisheni nia. Bunge likakasirika na mwaka 1982 likaandika upya kifungu cha 2 cha sheria ya kura: matokeo yanatosha. Ndani ya Wizara ya Sheria ya Reagan kulikuwa na wakili kijana aliyeandika nyaraka nyingi akishauri serikali ipinge badiliko hilo. Alishindwa, Reagan akatia saini. Wakili huyo alikuwa John Roberts. Tangu 2005 ndiye Jaji Mkuu.

Mwaka 2006 Bunge liliongeza kwa miaka 25 muda wa vifungu vya sheria hiyo vilivyokuwa na ukomo, idhini ya kabla ikiwamo. Seneti ilipiga kura 98 kwa 0, na George W. Bush akatia saini. Unaposikia leo kwamba suala hili ni la mrengo wa kushoto, kumbuka hesabu hiyo.

Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, Roberts aliandika hukumu ya majaji watano dhidi ya wanne iliyofuta orodha ya majimbo yanayohitaji idhini ya kabla. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Orodha ilitegemea takwimu za miaka ya 1960 na 1970, na nchi imebadilika: katika uchaguzi wa 2012 asilimia 66.2 ya weusi wenye sifa walipiga kura, dhidi ya asilimia 64.1 ya wazungu. Jaji Ruth Bader Ginsburg alimjibu kwamba kuitupa idhini ya kabla kwa sababu imefanya kazi ni sawa na kutupa mwavuli mvua ikinyesha kwa kuwa wewe hulowi.

Siku hiyohiyo, saa chache baadaye, Texas ilitangaza kwamba sheria yake ya vitambulisho, iliyokuwa imekataliwa, inaanza kutumika. Leseni ya bunduki ilikubaliwa kituoni. Kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo cha umma, hapana.

North Carolina ilikwenda mbali zaidi. Wabunge waliomba takwimu zinazoonyesha weusi na wazungu wanavyotumia kila njia ya kupiga kura, kisha wakapitisha sheria iliyopunguza siku za kura ya mapema kutoka 17 hadi 10, ikafuta uandikishaji wa siku hiyohiyo, na ikaacha aina za vitambulisho ambazo wazungu ndio wenye nazo zaidi. Jumapili moja ikapotea, na Jumapili ndiyo siku makanisa ya weusi yanapopanga mabasi kutoka ibadani hadi kituoni. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliifuta ikisema imewalenga weusi kwa usahihi wa karibu kama wa daktari wa upasuaji. Jimbo lenyewe lilikuwa limeeleza mahakamani kwamba kaunti zenye kura ya Jumapili zina weusi wengi na zina Democrats wengi. Bahati kama hiyo, ya mshtakiwa kukuandikia ushahidi, haiji mara mbili.

Lazima niseme pia lisilopendwa na upande ninaoelekea kuukubali: utafiti mkubwa wa wachumi uliotazama chaguzi za 2008 hadi 2018 haukuona kwamba masharti makali ya vitambulisho yalipunguza sana idadi ya wapiga kura, weusi kwa wazungu. Watu hukasirika, hujipanga, huenda. Ramani ni jambo jingine. Unaweza kujitokeza kwa mamia ya maelfu, na kama umeshakatwa vipande vinne, hesabu haitoki.

Sheria isiyoona rangi

Sasa tuingie kwenye hoja ambayo imekuwa nguzo ya upinzani, na ambayo watu wengi wema wanaiamini. Inasema hivi: ubaguzi ni kumtendea mtu tofauti kwa rangi yake. Basi serikali isitazame rangi kabisa, si kwa kuumiza wala kwa kusaidia. Mwaka 1896, Mahakama ya Juu ilipohalalisha mabehewa ya treni yanayotenga weusi na wazungu, jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, alipinga akisema katiba haina rangi machoni. Maneno ya mtetezi wa weusi yamekuwa leo silaha ya wanaopinga hatua za kuwasaidia weusi.

Mtu mmoja anaunganisha kesi nyingi hizi. Edward Blum, aliyegombea ubunge Houston mwaka 1992 akashindwa, alishtaki kwamba maeneo bunge ya Texas yalichorwa kwa rangi, na mwaka 1996 mahakama ikakubaliana naye. Ndiye aliyeipanga kesi ya Shelby. Ndiye pia aliye nyuma ya kesi dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina zilizofikia mwisho Juni 2023, ambapo vyuo vilizuiwa kutumia rangi kama kigezo cha kuwapokea wanafunzi. Roberts aliandika kwamba kuondoa ubaguzi ni kuuondoa wote. Jaji Ketanji Brown Jackson akajibu kwamba kuitangaza rangi kuwa haina maana katika sheria hakuifanyi ikose maana katika maisha.

Jibu la Jackson lina namba nyuma yake. Mwaka 2022 utajiri wa familia ya kati ya kizungu, yaani iliyo katikati ukizipanga zote kwa utajiri, ulikuwa dola 285,000. Wa familia ya kati ya weusi, 44,900. Sehemu mojawapo ya pengo hilo ni nyumba. Miaka ya 1930 ramani za serikali zilipaka mitaa ya weusi rangi nyekundu kama hatari, na dhamana ya mikopo ya nyumba ikawapita. Babu aliyenyimwa mkopo hakuacha nyumba ya kurithiwa. Sheria ya leo isiyoona rangi inalikuta pengo hilo mahali pake na kuliacha hapohapo, na hakuna aliyefanya kosa.

Trump aliporudi madarakani, siku ya pili tu, tarehe 21 Januari 2025, alifuta amri ya Johnson ya 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali wahakikishe usawa katika ajira. Sababu iliyotolewa ni ileile: usawa kwa wote, sifa tu. Ningeichukua kwa uzito zaidi kama isingekuwa habari ya wakimbizi. Wacongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili waliokaa miaka katika kambi za Nyarugusu na Nakivale, walikuwa kundi kubwa kuliko yote katika mwaka wa serikali wa 2024, karibu 20,000 kati ya 100,000 waliopokelewa. Januari 2025 mlango ulifungwa. Mei wakashuka Makaburu 59 kutoka Afrika Kusini kwa ndege iliyokodiwa na serikali, wakapokewa na maofisa uwanjani. Kikomo cha wakimbizi cha mwaka uliofuata kikashushwa kutoka 125,000 hadi 7,500, na nafasi nyingi zikaelekezwa kwa Makaburu. Serikali isiyotaka kuona rangi iliiona vizuri sana pale.

Kwenye ramani, hoja ya kutoona rangi imefika mwisho wake wa kimantiki. Louisiana ina viti sita na theluthi ya wakazi weusi. Mahakama zilipoibana ichore eneo la pili lenye weusi wengi, ikachora. Kundi la wapiga kura wasio weusi likashtaki kwamba kuchora eneo kwa ajili ya weusi ndiko kubagua. Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi hiyo Machi 2025, kisha ikaagiza isikilizwe tena Oktoba kwa swali zito zaidi: je, kutii sheria iliyotungwa kutekeleza vifungu vya 14 na 15 kunavunja vifungu hivyohivyo?

"Tulilenga chama, hatukulenga rangi"

Kinga iliyo imara kuliko zote ilizaliwa mwaka 2019. Katika kesi iliyotoka North Carolina na Maryland, Mahakama ya Juu ilisema mahakama za serikali kuu hazina la kufanya kuhusu ramani zilizochorwa kukinufaisha chama. Kumbuka kwamba katika majimbo mengi wanaochora ni wabunge wenyewe, hakuna tume ya mipaka. Kuchora kwa rangi bado ni kosa. Kuchora kwa chama hakuna wa kukuuliza. Na kwa kuwa karibu weusi tisa katika kila kumi hupigia Democrats, ramani ileile inaweza kuelezwa kwa njia zote mbili. Mwaka 2024, katika kesi ya South Carolina, mahakama iliongeza kwamba anayelalamika ndiye mwenye kazi ya kutenganisha rangi na siasa, na mahakama ianze kwa kudhani wabunge walikuwa na nia njema. Mzigo ulioondolewa mgongoni mwa mwananchi mwaka 1965 umerudi ulipokuwa.

Kuna mkanganyiko wa kweli ndani yake, sitaki kuuficha. Rangi na chama vimeanza kulegeza fundo. Kaunti ya Starr, Texas, kwenye mpaka wa Mexico, ambako karibu kila mkazi ni Mlatino, ilimpigia Trump mwaka 2024. Siasa za rangi haziwezi kusomwa tena kwa kuhesabu sura za watu tu.

Texas ndiko mambo yote haya yalikokutana. Katikati ya 2025 Trump alitaka jimbo hilo lichore upya ramani yake kabla ya wakati, ili Republicans wapate viti vitano zaidi. Julai, Wizara ya Sheria ikaiandikia Texas barua ikilalamikia maeneo manne, na lalamiko lenyewe lilihusu rangi za wakazi wake. Gavana Greg Abbott akaitisha kikao, ramani ikapita Agosti. Ilipofikishwa mahakamani, mawakili wa jimbo walisema ni siasa tupu, rangi haikuwamo. Tarehe 18 Novemba jopo la majaji watatu likawakatalia kwa kura mbili dhidi ya moja. Aliyeandika hukumu, Jeffrey Brown, aliteuliwa na Trump. Alisema siasa zilikuwamo, lakini ushahidi mzito unaonyesha ramani ilichorwa kwa rangi, na barua ya wizara ilikuwa sehemu ya ushahidi huo.

Wakati nao ni silaha. Ramani ya Alabama niliyoanza nayo ilizuiwa na mahakama ya chini Januari 2022. Mahakama ya Juu ikasimamisha zuio hilo mwezi uliofuata, uchaguzi wa Novemba ukafanyika kwa ramani hiyo, na miezi saba baada ya kura ndipo ikatangazwa kuwa haramu. Waliochaguliwa walibaki na viti vyao. Chini ya idhini ya kabla, ramani ndiyo iliyokuwa ikisubiri.

Texas ilikata rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudishia ramani yake kwa muda. Ilisema mahakama ya chini haikuheshimu dhana ya nia njema ya wabunge, kwamba walalamikaji hawakuleta ramani mbadala inayofikia malengo yaleyale ya kisiasa, na kwamba kampeni za mchujo zilikuwa zimeshaanza. Uamuzi huo ulitoka tarehe 4 Desemba 2025. Siku ya mwisho ya wagombea kurudisha fomu ilikuwa tarehe 8.